Kikao cha Nyuma ya Spika

Tarehe 5 Mei

Kaka,

Mimi ni mzima wa afya, na hasira zangu nazo ni nzima kabisa, hazina hata mafua.

Kwanza, nakuomba usinitumie tena ujumbe wa sauti. Umenitumia minne mfululizo, mmoja mrefu kama hotuba ya mgeni rasmi. Nimekuambia, nimekuandikia, nimemwambia na mkeo akukumbushe: sauti ya simu haina uso, haina midomo, na wewe uko garini umefungua dirisha, kwangu ni mikwaruzo mitupu. Ule wa kwanza nimeusikiliza nikiwa nimejifungia stoo ya vitambaa, nikaurudia na kuurudia, nikaambulia neno "Mama" na kicheko chako. Kwa hiyo andika, mikono unayo.

Pili, na hili ndilo lililonifanya niweke mkasi chini. Kitinda, huyu mdogo wetu wa mwisho ambaye siku hizi anatoa habari kama tangazo la kituo cha basi, ameniandikia hivi: "Dada, Mama anahamia kwa Kaka mwisho wa mwezi, vyombo vingine tumeshafunga. Utakuja kusaidia?" Nikamuuliza anahama kwa nini, nyumba imeanguka? Akanijibu, "Si tulikubaliana wote siku ya mahafali ya mtoto wa Kaka? Na wewe ulikubali." Kumbe Mama ataishi chumba chako cha uani. Kumbe nyumba yake utaijaza spika, mahema na viti vya kukodisha, kwa sababu mwenye ghala lako amekutoa.

Kaka, nilikubali lini?

Siku ile naikumbuka. Ulikuwa mshereheshaji kwenye sherehe ya binti yako mwenyewe, unajitangaza na kujishangilia. Katikati ya muziki ukatuita mimi, Mama na Kitinda nyuma ya jukwaa. Pembeni yetu spika mbili, nje ya dirisha jenereta, huku wahudumu wanakusanya sahani, na mvua nayo ikaona hiyo ndiyo saa yake ya kupiga mabati. Ukasema weee. Niliona midomo ikienda, lakini taa ya jukwaa ilikuwa mgongoni kwako na uso wako giza. Ukamgeukia Mama, Mama akaitikia kwa kichwa na kutabasamu. Ukanigeukia mimi. Nilidhani tunazungumzia picha ya familia, au zawadi ya mtoto. Nilipoona Mama ameitikia, nami nikaitikia.

Hicho ndicho kikao? Mama ameishi nyumba ile tangu sisi hatujaota meno. Kile chumba cha mbele unachotaka kurundika spika ndimo ilimo mashine yake ya kupiga chapa, na watu bado wanamletea barua zao za kazi, na ndiyo maana kila siku anaamka na kuchana nywele. Jambo kama hilo linaamuliwa kwenye kelele, watu wamesimama, wameshika soda?

Naomba maelezo. Kwa maandishi.

Mdogo wako,
Mkasi (hivi ndivyo wanavyoniita huku kazini, na leo jina limenikaa)


Tarehe 11 Mei

Mdogo wangu mpendwa,

Nimetafuta kalamu nyumba nzima, mpaka watoto wakadhani nimefiwa. Mkono wangu umezoea maiki, kwa hiyo ukikuta mwandiko unayumba, vumilia.

Barua yako imeniuma. Umeniandikia kana kwamba nimemuuza Mama. Mimi ndiye ninayekaa naye mji mmoja, mimi ndiye ninayeitwa taa ikiungua, wewe uko mbali na vitambaa vyako. Ngazi za pale mbele zinateleza. Anakaa peke yake na mashine ya chapa. Kwangu kuna watoto, kuna watu wanaingia na kutoka, kuna muziki asubuhi mpaka jioni, atachangamka. Kuna ubaya gani?

Na mambo niliyasema wazi. Sauti hii watu wananilipa waisikie. Nilipoona umekaza macho sana, nikakuinamia sikioni, upande uleule wa mashine yako ya kusikia, nikarudia yote kwa nguvu. Ukaitikia. Mama akaitikia. Kitinda shahidi. Sasa ulitaka nilete hakimu?

Halafu, mdogo wangu, usinifanye mjinga. Hospitali nilikupeleka mimi. Nilikaa nje ya kile chumba cha kioo nikakuona kwa macho yangu. Mtaalamu wa usikivu alikuwa anasoma sentensi, nawe unazirudisha moja baada ya nyingine, hata zile ndefu za kuzunguka. Akatuambia umepata zaidi ya tisini kwa mia. Nililia pale, mimi mtu wa maiki. Tuliomba usikie, na umesikia. Sasa imekuwa ukipenda jambo umesikia, usipolipenda hukusikia. Sisemi mimi peke yangu. Watu wameanza kusema.

Na mimi pia nina shida zangu, ingawa hukuuliza. Mwenye ghala anataka jengo lake mwisho wa mwezi. Spika zile ndizo zinazosomesha watoto. Niziweke barabarani?

Lori limeshapangwa. Nakushauri tu kwa wema: siku nyingine usiposikia, sema. Mdomo unao.

Kaka yako


Tarehe 16 Mei

Kaka,

"Mdomo unao." Sentensi hiyo nimewasomea wenzangu wa chumba cha kukatia. Msimamizi wetu, mama mmoja ambaye hacheki hata umtekenye, ameniomba anwani yako. Nimemnyima kwa sababu bado nakupenda.

Ngoja nikuambie habari za mdomo. Ukisema "sijasikia" mara ya kwanza, mtu anarudia. Mara ya pili anapaza sauti na uso unaanza kujikunja. Mara ya tatu anapunga mkono: "Basi, achana nayo, si muhimu." Si muhimu! Nimeambiwa hivyo msibani, nimeambiwa harusini, nimeambiwa mezani kwako na watoto wako. Watu wote wanacheka, nauliza mnacheka nini, naambiwa si muhimu. Kumbe kilichowachekesha watu kumi na wawili mpaka wakamwaga vinywaji si muhimu ikiwa anayeuliza ni mimi. Mwishowe mtu anajifunza kutabasamu na kuitikia ili asiwaharibie wengine maongezi. Wote wenye kifaa kama changu ninaowafahamu wanafanya hivyo. Ni adabu tu, Kaka, kama vile wewe unavyosifia chakula kibaya cha watu. Na wewe ukalichukua lile tabasamu ukaligeuza saini.

Tuje hospitalini. Ulikuwepo, sawa, sikatai. Kile chumba unakikumbuka? Mlango mnene kama wa jokofu la bucha. Kuta zimefunikwa masponji. Mle hamna feni, hamna kiti kinacholia, hamna mtu wa pili. Ni sauti moja, ya mtu mmoja, anasoma taratibu kama anamlaza mtoto. Ndiyo, mle nilipata zaidi ya tisini, na mimi pia nililia. Ila kulikuwa na jaribio la pili. Mtaalamu alifungulia kelele za watu wengi wanaoongea kwa pamoja, kama sokoni, halafu akasoma sentensi katikati ya kelele hizo. Hilo hukuliona kwa sababu ulitoka nje kupokea simu ya mtu mwenye harusi. Nilipata chini ya thelathini. Aliniambia nisife moyo, wengi wenye kifaa hiki wako hivyohivyo, jambo la muhimu niwaeleze watu wa nyumbani. Nikakueleza tukiwa garini tunarudi. Ulikuwa umefungulia redio.

Nikueleze tena sasa hivi, maana karatasi haina redio. Sikio lako linachagua. Hata ukumbi ujae namna gani, mtu akikunong'oneza habari za malipo utamsikia, na mengine yote yatakaa nyuma huko. Hujui hata kama unafanya kazi hiyo. Kifaa changu hakichagui. Kinaniletea vyote mlangoni kwa mkupuo, wewe, jenereta, mvua, kijiko kilichoanguka, kiatu cha mtu anayepita, na kila kimoja kinataka kuingia kwanza. Tena ni upande mmoja tu, ule mwingine ulikufa kabisa na ile homa iliyoniziba masikio, kwa hiyo hata sauti inatokea wapi sijui, ili nigeuke. Na wewe unadhani dawa yake ni kuongeza sauti! Unaponipigia kelele ndani ya kelele, ninachopata ni kelele kubwa zaidi. Uliponiinamia sikioni nilipata pumzi yako na mngurumo, na zaidi ya hapo ukaninyima uso, ambao ndio pekee ungenisaidia.

Nikikaza macho, Kaka, usidhani nimeelewa. Nakaza macho ninapokuwa nazama.

Huku kazini mashine ya kukatia ikiwashwa ninavua kifaa nakiweka mfukoni, na hakuna anayenuna. Mwenye neno nami anakuja mbele yangu, anazima mashine, anasema, anaiwasha tena. Sasa hivi tuna sare za shule za kumaliza kabla muhula haujaanza, tunakimbizana mpaka tunasahau kula, na bado wanazima. Watu baki hao, hatujazaliwa nao. Ndugu yangu wa damu, wa mama mmoja, ameshindwa kuzima muziki wake mwenyewe, kwenye sherehe yake mwenyewe, aniulize kuhusu nyumba ya mama yetu.

Na hao "watu walioanza kusema", waambie waniletee hayo maneno mbele yangu, taratibu, wakiwa wamekaa kwenye mwanga.

Ninachotaka ni kidogo. Lisimamishe lori. Nikishamaliza kazi hizi nitakuja, tukae sebuleni kwa Mama mchana, kila kitu kimezimwa, mmoja aseme na wengine wasubiri. Mama akikubali hapo, nitabeba vyombo mimi mwenyewe kichwani.

Mkasi


Tarehe 20 Mei

Dada,

Usinikasirikie kabla hujamaliza kusoma. Najua umeshaanza.

Kaka hasimamishi lori. Alikuja na barua yako akataka kunisomea kwa sauti ya ukumbini tucheke. Alipofika pale kwenye redio ya gari akaikunja, akaitia mfukoni, akauliza kama kuna chai. Akaondoka bila kuinywa. Lakini lori linakuja Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 28, amesema neno lake ameshalitoa kwa mwenye ghala na hawezi kuonekana mtoto.

Kuna kitu sijakuambia mpaka leo. Siku ile ya mahafali, alipoanza kutuita nyuma ya jukwaa, nilimwambia, "Kaka, tungoje muziki uishe, Dada hatasikia hapa." Akanijibu, "Muziki ukiisha wataanza maswali. Hapahapa panafaa. Yule ana mashine." Nikanyamaza. Mlipoitikia, wewe na Mama, nikajiambia labda mmesikia, mimi ni nani niwe na kimbelembele. Wewe unajua nikisema neno nyumbani kwetu naambiwa mimi ni mtoto, na huyu wa kwangu ameshaanza shule.

Kinachonisumbua zaidi ni Mama. Naenda kwake asubuhi nafunga vyombo kwenye maboksi. Nikirudi jioni nakuta yamefunguliwa, vikombe viko kabatini, mapazia yamerudi dirishani. Nikimuuliza anasema alikuwa anatafuta kijiko. Mashine ya chapa niliizungushia blanketi nikaifunga kwa kamba. Jana nimeikuta mezani, na karatasi iko ndani. Nilipomwambia Kaka alisema ni uzee huo, ndiyo maana anafaa kuhamia kwake haraka. Dada, Mama hajasema kwamba anataka kwenda. Hajasema kwamba hataki. Anatuangalia tu tunavyopita na maboksi.

Tena kuna jambo lingine. Nikimwita nikiwa jikoni, bomba liko wazi, haitiki. Nilidhani ananinunia. Nikifunga bomba anaitika vizuri tu, "Abee mwanangu." Sijui kama wewe unaelewa hapo kuna nini.

Mwandikie wewe. Mimi nitampelekea barua mkononi, mlango ukiwa umefungwa.

Kitinda


Tarehe 22 Mei

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepungua.

Nimekuwa nikigombana na Kaka kwa barua, na nadhani umeshasikia, au hujasikia, na hapo ndipo nimeshtuka. Nimeandika karatasi nzima nzima kuhusu nyumba yako bila kukuandikia wewe hata mstari. Nilikuona siku ile ukiitikia, nikachukulia kwamba umekubali kwa sababu ya kumpenda Kaka, kama kawaida yako. Nikaona nikikuuliza nitakutia aibu.

Mimi sikusikia kitu, Mama. Hata neno moja. Nilikuona umeitikia, nami nikaitikia, nikijua kwamba wewe huwezi kukubali kitu kibaya.

Sasa nakuuliza wewe mwenyewe, na ninaomba unijibu kama ulivyokuwa ukimjibu bosi wako kazini, bila kumhurumia mtu. Je, unataka kuhamia kwa Kaka? Kama unataka, nitafunga mdomo huu ambao naambiwa ninao. Kama hutaki, niambie tu, nitapanda basi hata sare zikae bila mikono.

Mwanao


Tarehe 25 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo uko palepale, asante. Nakuandikia kwa mashine ili usisumbuke na mwandiko wangu wa siku hizi. Samahani kwa herufi A inayoruka, ina umri wako.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevaa miwani. Nimefurahi kuipata na nimekasirika kuipata, kwa sababu ndiyo ya kwanza. Mtaa mzima unaniletea barua zao, za kuomba kazi, za kuomba radhi, za kuachana. Nimewaandikia mpaka watu nisiowajua. Kumbe watoto wangu mimi wanaandikiana wao kwa wao kuhusu nitakapolala. Nani amewaambia kwamba mimi ni kabati?

Sasa nikujibu. Sikukubali kitu, kwa sababu sikusikia kitu.

Ni tangu mwaka juzi. Mtu mmoja akinijia tukakaa, namsikia vizuri. Wakiwa wengi, au mvua, au maji, au muziki wa kaka yako, nasikia sauti za watu lakini maneno yenyewe yanapotea. Sikuwaambia. Wewe ulipougua niliona watu walivyoanza kuongea juu yako ukiwa umekaa hapohapo, kana kwamba umetoka. Nikaona mimi hilo halitanipata. Naitikia, natabasamu, watu wanasema mama yenu ni mpole siku hizi. Nimekuwa mpole lini mimi?

Siku ile kaka yako alipokuwa anapunga mikono, nilikuangalia wewe. Ulikuwa umemkazia macho, hupepesi. Nikajiambia, huyu amewekewa mashine ya kisasa kichwani, kila neno linamwingia. Lingekuwa jambo baya, uso wake ungeonyesha. Nikaitikia. Na leo unaniandikia kwamba ulinifuata mimi! Kwa hiyo nyumba yangu imetolewa na viziwi wawili waliotazamana, na mwenye masikio akapiga makofi.

Nimecheka peke yangu mpaka jirani akachungulia. Halafu kicheko kikaisha, nikakasirika, na sijaacha bado.

Kitinda alipoleta maboksi nilidhani nimefanya kosa. Nilifikiri labda nimeacha jiko likiwaka, labda kuna mtu amewaambia nimeanza kusahau, na ninyi mmeamua kunihamisha kimyakimya ili nisijisikie vibaya. Ndiyo maana sikuuliza. Nilikuwa nafungua maboksi kwa sababu sikujua kosa langu ni lipi, na vikombe vyangu vilinihitaji. Kwa siku zote hizo hakuna mtoto wangu aliyekaa kwenye kiti mbele yangu akasema jambo lenyewe. Hata Kitinda alikuwa ananiambia mambo huku amenipa mgongo, anafunga kamba. Mweleze hilo, au nitamweleza mimi.

Usipande basi. Maliza sare, watoto wa watu wasiende shule uchi kwa ajili yangu. Hii kazi ni yangu. Kaka yako akija Jumamosi na lori lake, ataingia ndani, atakaa, na atayasema upya yale aliyoyasema nyuma ya jukwaa. Maneno yaleyale. Nataka kuyasikia. Kisha atakuandikia mwenyewe yaliyotokea, kwa kalamu, hapa mezani kwangu.

Mama yenu


Tarehe 28 Mei

Mdogo wangu,

Mama amesema siondoki mezani kwake mpaka nimekuandikia. Naandika nikiwa chumba cha mbele, yeye amekaa kiti cha pili anasoma gazeti, au anajifanya. Ataisoma hii kabla hujaisoma wewe. Kwa hiyo nitasema kweli, na usidhani ni kwa kupenda.

Umeshinda, furahi. Lakini na mimi nina lawama zangu nazo uzipokee. Siku ile ungenivuta hata shati. Ungetoka tu, ningejua kuna tatizo. Unanifanya mimi mtu mbaya peke yangu. Spika zote ziko sebuleni kwangu tangu jana, mke wangu anapita ubavu ubavu na hasemi nami, na watoto wanakula wamekalia mahema. Ghala sina. Hilo halijamhuzunisha mtu yeyote katika ukoo huu.

Na lile alilokuambia Kitinda, kuhusu maswali, nililisema. Kitinda amekiri mbele ya Mama kwamba alikuandikia, na sasa amesimama hapo mlangoni. Nilikuwa na haraka na nilikuwa naogopa. Nilijua mkiwa na nafasi ya kuuliza mtakataa. Haya, nimeandika.

Nilikuja na lori asubuhi nikapiga honi kama ninavyofanya siku zote. Mama akatoka, amevaa viatu vyake vya ofisini, sijui alivitoa wapi. Hakunisalimia mimi kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwa dereva akamwambia azime injini, na yule dereva, ambaye mimi nikimwambia zima anauliza kwa nini, akazima palepale. Wapakiaji wakaambiwa wakae kivulini, wasinyanyue kitu.

Tukaingia. Akafunga mlango, akafunga madirisha. Akazima feni. Kitinda akaambiwa afunge bomba na aache kukanyaga huku na huku. Kisha akanikalisha kiti hiki ninachokalia sasa, akakigeuza mpaka uso wangu ukaelekea kwenye mwanga, akakaa mbele yangu, magoti yetu karibu yagusane. Mdogo wangu, nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia tumbo langu. Sijazoea. Kwangu mimi kimya maana yake ni umeme umekatika na nitadaiwa.

Akasema, "Haya, baba. Yaseme."

Nikaanza. "Mama yetu mpendwa, nguzo ya familia yetu, kwa heshima na taadhima..." Akanyanyua mkono. "Hiyo ya ukumbini iache nje na lori. Sema kama mtu."

Basi nikasema. Nilisema, "Mama, nataka uhame kwenye nyumba yako uende ukakae chumba changu cha uani, ili humu niweke spika."

Hivyo tu. Sikujua kwamba ndiyo hivyo tu. Siku ile nyuma ya jukwaa ilionekana ni jambo refu, lina busara nyingi, lina mapenzi ndani yake. Sijui yote yale yalikwenda wapi.

Mama hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliniangalia mdomoni, kisha machoni, akasema, "Nimesikia. Ila mimi ni mzee, mwanangu, na nyumba ni kitu kikubwa. Rudia, ili nisije nikaitikia kitu nisichokielewa."

Mimi nimesimama mbele ya kumbi zilizojaa mpaka nje. Nimesema umeme ukiwa umekatika, nimesema bibi harusi akiwa amekimbia, nimesema na homa. Nikafungua mdomo. Alikuwa karibu, na mwanga ulikuwa unaniangukia usoni, na Kitinda alikuwa ananitazama.

"Rudia," akasema tena, taratibu.

Sikurudia. Nilitoka nje nikamwambia dereva ageuze lori.

Kaka yako